Beseni Chini ya Gari



Ndugu msomaji, kijana mmoja wa Kisauni ameniandikia barua kuniuliza jambo ambalo si la twahara wala la mirathi, ijapokuwa, kama utakavyoona, yote mawili yataingia kwa mlango wa nyuma. Marehemu babake amewaachia pikapu ya dizeli ya mwanzo wa miaka ya tisini. Imelala uani zaidi ya mwaka. Ndugu zake wataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, naye ataka kuitengeneza kwa mikono yake, tena amesikia kwamba mimi ni fundi wa nyumbani. Aliyemwambia amenisifu kupita kiasi, lakini hakusema uongo.

Wengi wenu mwajua kuwa nimekaa miaka kadhaa huku Isinya, katika kaunti ya Kajiado, nikisomesha madrasa ndogo pembeni mwa barabara iendayo Namanga. Toka Isinya hadi Kitengela si mbali, lakini kila kitu chahitaji gari: unga, vitabu, mgonjwa wa usiku, maiti wa kupelekwa makaburini. Gari langu ni Toyota Hilux yenye injini iitwayo 3L, silinda nne, ujazo wa lita 2.8, isiyo na tabo wala kompyuta. Nilipoinunua mafundi wa gereji walinicheka. Baada ya miaka ya kulala chini yake, naona wao ndio waliostahili kuchekwa, kwa kuwa gari la namna hiyo ndilo mtu awezaye kulifahamu lote, toka mbele hadi nyuma, bila ya kumlipa mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Tuanze na namna lifanyavyo kazi. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche. Ya dizeli haina cheche. Hewa huingia peke yake ndani ya silinda, pistoni huibana mpaka nafasi yake ibaki sehemu moja tu kati ya ishirini na mbili na ushei, nayo kwa kubanwa huko huwa na moto wa kutosha kuyawasha mafuta mara yanaponyunyizwa. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai, ambapo Isinya huwa na baridi isiyojulikana Mombasa, chuma baridi hunyang'anya hewa joto lake, ndipo tunahitaji zile plagi ndogo za kupasha moto ambazo mafundi wetu huziita hita. Gari likikataa kuwaka asubuhi na adhuhuri likawaka vizuri, usikimbilie kumlaumu pampu. Zipime hita kwanza. Moja ikifa gari hutetemeka na kutoa moshi mweupe; mbili zikifa wajirani husukuma.

Umeme unaohitajika ili injini hii iendelee kwenda, baada ya kuwaka, ni wa waya mmoja tu ufunguao njia ya mafuta kwenye pampu. Nimewahi kutoka Kajiado mjini usiku, jenereta ya gari imekufa, nikafika nyumbani nyuma ya basi nikiazima mwanga wake. Silipendekezi jambo hilo kwa yeyote. Nalitaja ili kijana ajue ana kitu cha namna gani uani mwake.

Adui wa dizeli huku ni watatu: vumbi, maji na mafuta ya taa. Vumbi la nyanda hizi ni jembamba kama unga wa ngano, na injini inayolivuta hulika pistoni na kuta za silinda taratibu, mpaka ule mbano niliousema upotee. Kwa hiyo jambo la kwanza nililobadilisha katika gari langu halikuwa la kulipa kasi. Niliinua mdomo wa kuvutia hewa kwa bomba hadi usawa wa paa, ambako vumbi ni haba, na juu yake nikafunga kikombe kinachoizungusha hewa ili chembe nzito zibaki humo. Nikikimwaga kikombe hicho kila Ijumaa asubuhi, kiasi ninachokikuta hunifanya nimshukuru Mola kwamba hakikupita.

Maji nayo hukusanyika chini ya chujio la dizeli, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Pana kizibo kidogo pale. Kilegeze, yatoke, kaza. Ni kazi ya dakika tano ambayo ikiachwa hugharimu pampu nzima. Ama mafuta ya taa, hayo ni dhulma ya watu. Kwa miaka mingi palikuwa na wauzaji waliochanganya mafuta ya taa katika dizeli kwa kuwa yalikuwa rahisi kwa bei, hata serikali mwaka 2018 ikayatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuikomesha faida hiyo. Mnunuzi hakuona tofauti, gari liliendelea kwenda. Lakini pampu ya injini kama hizi hailainishwi na kitu kingine ila dizeli yenyewe ipitayo ndani yake, na mafuta ya taa hayana utelezi huo. Chuma kikasuguana na chuma. Mwenye kuchanganya aliuza lita moja akaiba pampu.

Hapa nitie neno juu ya mwanangu wa pili, ambaye alitaka tufunge tabo. Kwa hesabu yake hoja ilikuwa na nguvu. Isinya iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15, na gari lililotoka pwani likifika huku hutoa moshi mweusi kwa sababu mafuta ni yale yale ilhali hewa imepungua. Tabo ingeirudisha hewa hiyo. Nilimwambia kwamba pana njia mbili za kusawazisha mizani: kuongeza upande mmoja au kupunguza wa pili. Tukaegemea ya pili. Kuna skrubu nyuma ya pampu inayoamua kiasi cha juu cha mafuta. Tuliifungua nati yake, tukaizungusha chini ya robo mzunguko, tukaenda hadi njia ya kuelekea Kiserian na kurudi, tukaizungusha tena kidogo. Moshi ukakoma. Nguvu ikapungua kwa kiasi ambacho mwanangu anasema ni kikubwa nami nasema si kitu. Injini hii haikuumbwa kwa tabo; hedi yake na mfumo wake wa maji ulipimwa kwa joto lake yenyewe, na joto likizidi hedi hupasuka. Badala ya tabo nilinunua geji ya joto yenye namba, nikaifunga mahali nikiionapo, kwa sababu ile ya kiwandani hukaa katikati kwa muda mrefu kisha hupanda ghafla wakati maafa yamekwisha kutokea.

Na joto ndilo linalonifikisha kwenye habari ambayo nimeichelewesha.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikitia maji ya kisima katika rejeta. Maji ya visima vya Kajiado ni mazito kwa chumvi. Sufuria ya chai hushuhudia. Ndani ya rejeta hufanya ukoko ule ule, na njia nyembamba zikaziba. Nilipoona geji inapanda kila nikibeba mzigo, niliamua kuisafisha rejeta kwa uzuri na kuanza kutumia kulanti, yale maji ya kijani yauzwayo kwa galoni, ambayo huzuia kutu na huchelewa kuchemka. Hii ni khasa muhimu huku juu, ambako maji matupu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nikafanya hivyo. Baada ya miaka miwili, kama inavyotakikana, nikaimwaga ile ya kale ili nitie mpya.

Ilikuwa alasiri, injini imepoa. Nikaweka beseni chini ya gari, nikafungua kizibo cha rejeta, maji ya kijani yakateremka kama uzi. Azana ya Magharibi ikanikuta hapo. Nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikaenda kusalisha, na baada ya sala kama kawaida nikakaa na wanafunzi mpaka Isha. Nikarudi usiku, nikala, nikalala. Beseni likabaki chini ya gari, wazi.

Asubuhi niliona limepungua. Si kwa wingi. Kiasi cha vikombe vichache vya kahawa. Pembeni mwake palikuwa na alama za miguu kwenye vumbi, na nilizitambua.

Ndugu msomaji, sharti nikueleze kitu hiki ni nini, kwa sababu gazeti hili husomwa na kina mama wenye watoto wadogo. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa dawa iitwayo ethilini glikoli. Ni tamu. Mnyama huilamba kwa hiari yake, na mtoto naye huweza kuinywa akidhani ni sharubati. Mwanzoni humlewesha: hupepesuka, hutapika, huwa na kiu. Kisha huonekana kama amepata nafuu, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwani ndani ya mwili ile dawa imekwisha kugeuka sumu nyingine ambayo hufanya fuwele katika figo na kuziua. Kwa mbwa wa makamo vikombe viwili vitatu vya kahawa hutosha. Mtoto akiionja, usingoje uone atakuwaje. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo ukiwa umeshika chupa yenyewe mkononi. Dawa ipo, na hufaa ikiwahi. Nilistaajabu kusoma kwamba dawa yake ya zamani ni kileo, kitolewacho na tabibu kwa kipimo, na yeyote aliyesoma mlango wa dharura ajua hukumu yake.

Mbwa alikuwa wa jirani yangu, mzee wa Kimaasai ambaye boma lake limepakana na ua wangu. Mchana wa siku ile alinipitia njiani akasema, "Shehe, mbwa wangu anatembea kama mlevi." Nikasema, "Mungu amponye, mzee." Siku ya tatu akafa.

Nilinyamaza. Naandika haya kwa haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijiambia kwamba sina yakini, kwamba pengine nyoka alimuuma, kwamba mbwa ndiye aliyeingia uani mwangu na si mimi niliyeingia bomani kwake. Kisha nikafanya lililo baya zaidi: nikafungua vitabu. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, ambayo watu wa pwani tumelelewa nayo, mbwa hana thamani ya kuuzwa, hata awe wa kulinda mifugo, na aliyemuua halipi bei yake. Maimamu Malik na Abu Hanifa wana rai nyingine juu ya mbwa wa ulinzi na wa mawindo. Kwao ana thamani, naye hulipwa. Mimi nimesomesha milango hiyo kwa miaka, na katika masuala mengine nimewahi kuchukua rai ya imamu mwingine pale ilipomfaa mnyonge. Siku ile nilijikuta nimeng'ang'ania madhehebu yangu kwa nguvu ambazo sikuwahi kuzijua, na nilijua vyema kuwa kilichoning'ang'aniza ni mfuko.

Usiku wa nne fisi waliingia bomani wakachukua kondoo wawili. Hapakuwa na wa kubweka.

Asubuhi yake nikasikia habari iliyoninyima hata chai. Mzee na wanawe walikuwa wamekwisha kupata wa kumlaumu. Kijana mmoja mchungaji wa boma la pili alikuwa ameteta nao juu ya zamu ya kunywesha ng'ombe, na sasa ilisemekana ndiye aliyemtilia mbwa sumu ili fisi wapate njia. Wazee walikuwa wataitana jioni.

Nilimpigia simu mwalimu wangu aliyeko Lamu, mtu wa miaka themanini, nikamweleza. Nilianza na khitilafu ya maimamu. Hakuniacha nifike mbali. Aliuliza kondoo waliokwenda ni wangapi. Nikamwambia wawili. Akasema, "Basi anza na hao, mwanangu, kabla ya Alasiri. Habari ya mbwa mtaiulizana nyote wawili."

Nikaenda. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya boma. Nilimwambia yote, toka kizibo cha rejeta hadi alama za miguu, na kwamba siku ya kwanza aliponiambia mbwa anapepesuka nilikuwa najua sababu. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito kutamka. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hayo maji yako wapi?" Nikamleta uani. Nilikuwa nimeyatia ndani ya jerikeni lenye kizibo. Akainusa, akataka kuchovya kidole, nikamshika mkono. Akaniangalia, akauliza, "Na unaweka kitu hiki mahali watoto wa chuo wanapita?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Wanafunzi wangu wadogo wana miaka sita. Walipita karibu na gari lile baada ya Isha, gizani, wengine wakiwa na kiu.

Yule kijana mchungaji aliitwa jioni ile ile, na mzee akasema mbele ya watu kwamba maneno yamekwisha, aliyekosa ni shehe naye amesema kwa kinywa chake. Juu ya kondoo, nilileta bei ya wawili. Akapokea ya mmoja. Wa pili, akasema, ni juu yake mwenyewe, kwa kuwa lango la miiba halikuwa limezibwa vizuri usiku ule. Nilishikilia apokee zote, akakasirika, nikaacha. Ama mbwa, alisema hataki pesa za mbwa. Alitaka gari. Shemeji yake aliyeko Bissil alikuwa na watoto wa mbwa wa asili nzuri, na basi haliwezi kupakia mnyama bila ya maneno.

Basi tukaenda Bissil, mimi na mzee mbele, na nyuma kwenye bodi mtoto wa mbwa ndani ya kreti ya soda iliyotandikwa gunia. Njia nzima geji ilisimama kwenye nyuzi 84, na nilimwonyesha mzee kwa fahari, naye akaitazama kwa heshima ya mgeni. Kabla ya kufika Kajiado mvua ilitukuta. Mbwa akalowa, akatoka ndani ya kreti, akatembea bodi zima. Wanafunzi wa madrasa walicheka sana kesho yake waliponiona nikiosha bodi la pikapu mara saba, moja yake kwa udongo, na ulikuwa ndio mwaka wa kwanza somo hilo likawaingia bila ya kulirudia.

Sasa nimrudie kijana wa Kisauni, maana amengoja.

Gari hilo si lako bado, mwanangu. Ni tarika ya marehemu, na kila mrithi ana fungu lake ndani yake, hata katika tairi ya akiba. Kabla hujagusa spana, lipimwe bei na mtu asiye na tamaa nalo, kisha uwalipe ndugu zako na mama yako mafungu yao, au likatwe katika fungu lako la mirathi, au wakuridhie kwa maneno yaliyo wazi. Ukianza kutia pesa zako katika mali ya watu kumi, siku litakapowaka kila mmoja atakumbuka kuwa ni lake.

Likiwa lako, usiliwashe kwa pupa. Dizeli iliyolala mwaka mzima katika joto la Mombasa hufanya utando mweusi penye maji. Mwaga tangi lote, weka chujio jipya. Badilisha oili, nayo ni lita karibu sita, na usishtuke ikigeuka nyeusi siku ya pili, kwani ndiyo tabia ya dizeli. Kisha uibadilishe kila kilomita 5,000. Zungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, usikie kama kuna kitu kinachogoma. Uliza belti ya taimingi ilifungwa lini. Kama hakuna ajuaye, weka mpya, kwani ikikatika vali hugongana na pistoni, na hapo wanunuzi wa vyuma vikuukuu watakuwa wamesema kweli. Breki zije kabla ya rangi. Na wajao kukushauri utumie mafuta yaliyokaangiwa viazi karai, waambie kwamba injini ya dizeli iliwahi kuonyeshwa Paris mwaka 1900 ikienda kwa mafuta ya njugu, ni kweli, lakini pampu yako ni ya kale na mafuta hayo ni mazito; waache wakaangie viazi.

Oili chafu usiimwage mchangani. Kisauni mna visima vifupi, na kinachomwagwa uani hunywewa na jirani. Huku kwetu wenye kujenga uzio huja kuiomba wapake nguzo zisiliwe na mchwa, nami huwapa kwa sharti kwamba wasisafishe makopo penye maji ya mifugo. Iliyobaki hurudisha kwenye gereji yenye pipa lake.

Kuhusu kulanti, madukani ipo pia ya namna ya pili, ya propilini glikoli, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Ni ghali kidogo. Ninayo hiyo sasa. Hata hivyo, kabla ya kununua seti ya spana, nunua jerikeni pana lenye faneli na kizibo cha kukaza, na anapoadhiniwa Magharibi kizibo kile kiwe kimekwisha kukazwa.

Yule mtoto wa mbwa amekua. Hunibwekea kila nikipita na gari, na mzee husema kwamba hajamfundisha.